Wape vijana kalamu, weka maksi pembeni: namna ya kuendesha kikundi cha uandishi shuleni

Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya kata wilayani Muheza, mkoani Tanga. Jumatano jioni, vipindi vikishaisha, nakaa na wanafunzi wanaopenda kuandika hadithi na mashairi. Walimu wenzangu huniuliza nawapataje, maana kwao ukitaja utungaji tu vichwa vinainama. Nawaambia waangalie daftari la mtoto yeyote kuanzia darasa la tatu. Kila alichoandika kimerudi kikiwa na wino mwekundu na namba juu yake. Hajawahi kuandika kitu kikasomwa na mtu aliyetaka tu kujua kilichotokea. Mpe msomaji wa namna hiyo, ataandika.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kikundi ni kwamba maksi hazipo. Hakuna kumi kwa kumi, hakuna nafasi ya kwanza wala ya mwisho, na daftari halikusanywi. Ni lake, anakaa nalo, anakusomea anachotaka usikie. Mweleze mkuu wa shule jambo hili mapema ili asije akaomba orodha ya matokeo. Mweleze pia faida anayoitafuta yeye: mtihani wa kidato cha nne una utungaji, na mtoto aliyezoea kuandika kila wiki haogopi karatasi tupu.

Mambo ya mpango hayahitaji maneno mengi. Wanafunzi kumi hadi kumi na tano wanatosha, wakizidi hapo wachache tu ndio watakaopata nafasi ya kusoma. Saa moja inatosha pia. Wapo wanaotembea mbali kurudi nyumbani, hasa wasichana, na giza lisiwakute njiani kwa sababu ya shairi. Usichague wenye Kiswahili kizuri peke yao. Waandishi wangu wazuri wengine hawana hata C ya Kiswahili.

Siku ya kwanza usiseme "andikeni hadithi". Ukisema hivyo utapata "Hapo zamani za kale" na mfalme mwenye binti mzuri, kwa sababu hicho ndicho wanachodhani unakitaka. Wape kitu kidogo wanachokijua wao kuliko wewe. Mimi huanza na mlango wa nyumbani. Dakika kumi, kila mtu aandike kuhusu mlango wa kwao, na mimi naandika wa kwangu ubaoni huku wakiandika.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili aliandika hivi: "Mlango wetu ni wa mbao. Ni mzuri sana na unatulinda dhidi ya wezi." Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kufanya kazi yake, na kazi yenyewe ni kuuliza. Sikumwambia kuwa maelezo yake ni machache. Nilimuuliza mlango unafungwa na nini. Nani anaufungua wa kwanza asubuhi? Upande wa chini ukoje? Baba asipokuwepo inakuwaje? Akarudi kwenye dawati, akaandika tena:

"Mlango wetu umelika chini kwa mvua, kuku anapita bila kuufungua. Usiku baba anauegemezea kinu. Baba akisafiri, mama anauegemezea kinu, halafu ndoo ya maji, halafu anasimama anasikiliza."

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Hakuna methali, hakuna "wahenga walisema", hakuna nahau hata moja. Neno "woga" halimo, lakini mama yule unamwona jinsi anavyoogopa. Tumewazoesha watoto wetu kufungua kila insha kwa methali na kuifunga kwa ushauri kwa jamii, na ndiyo maana insha hamsini za darasa moja zinafanana kama zimeandikwa na mtu mmoja. Kwenye kikundi, hayo yaache. Maswali manne matano ya namna ile yatawafikisha mbali kuliko somo zima la tamathali za semi. Tamathali zitakuja zenyewe, na zikija watakuwa wanajua wanazitumia kwa lipi.

Baada ya mlango nenda kwenye vitu vingine vya aina hiyo: sufuria kubwa kuliko zote jikoni, kiatu cha shule cha mwaka jana, njia ya kwenda mtoni. Kaa hapo wiki kadhaa. Usiharakishe kwenda kwenye hadithi ndefu.

Wakishazoea kuona, wafundishe kusikiliza. Muheza ni mji wa machungwa, na basi likisimama stendi wauzaji wanalizunguka, kila mmoja na maneno yake. Wape kazi ya wiki: leta sentensi tatu ulizozisikia njiani, neno kwa neno, usizisafishe. Watakuletea vitu vya ajabu. Watakuletea Kibondei na Kisambaa vimechanganyika na Kiswahili, na lugha ya vijiweni ambayo wewe mwenyewe utaomba utafsiriwe. Pokea yote. Kwenye mazungumzo ya wahusika mtu aseme kama anavyosema kweli, na mwandishi anapohadithia mwenyewe atumie Kiswahili chake kizuri. Ukishaiweka mipaka hiyo, wanaielewa haraka kuliko tunavyotarajia. Bibi wa kwenye hadithi akiongea kama taarifa ya habari, wenzake wenyewe watamwambia, "Bibi haongei hivyo."

Usidharau wanachosoma. Vijana wetu wanasoma sana. Wanasoma simulizi za kwenye simu, zile zinazorushwa kipande kipande Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, zinazoishia "itaendelea" mahali pabaya kabisa. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini nyumbani ipo ya dada au ya mama. Mwombe mmoja akusimulie sehemu ya mwisho aliyosoma, kisha waulize wote: kwa nini mwandishi amekata hapo? Tumeachwa tukitaka kujua nini? Ndiyo taharuki hiyo, ile tunayowapa kwa tafsiri ya kukariri ubaoni. Halafu kila mmoja achukue kipande alichokwisha kuandika akikate pale ambapo msomaji atanung'unika. Zoezi hili linawafurahisha kuliko yote, hata wale wanaojidai wamekuja kuwasindikiza rafiki zao.

Mashairi yanataka njia yake. Wengi wanayaogopa kwa sababu wameyakuta kama maswali ya mtihani: taja bahari, taja vina, taja dhamira. Ila hao hao walipokuwa shule ya msingi walisimama mahafali wakaimba ngonjera bila woga, aina ile ya mashairi ya kujibizana ambayo Mathias Mnyampala aliieneza miaka ya 1960. Anza na hicho wanachokijua mdomoni. Weka kanuni kwa vidole kabla ya kuweka majina. Mimi huandika mishororo miwili ubaoni:

Chungwa limeiva juu, tawi limeinamia,
Nakanyaga kwa mguu, kapu nimeshikilia,

Tunagonga meza kwa kila silabi. Chu-ngwa-li-me-i-va-ju-u, nane. Ta-wi-li-me-i-na-mi-a, nane nyingine. Jumla mizani 16 katika mshororo. Mshororo wa pili lazima mtu abishe: "Madam, kwa-mgu-u, mbona saba?" Hapo wape siri ya ile "m" ya "mguu", kwamba inasimama peke yake na inagongewa meza: kwa-m-gu-u. Sasa waoneshe kwamba kipande cha kwanza kinaishia na "u" katika mishororo yote miwili, na cha pili kinaishia na "a". Kwamba cha kwanza kinaitwa ukwapi na cha pili utao watajua baadaye, majina hayakimbii. Waachie mishororo miwili ya mwisho waikamilishe wawili wawili ili ubeti uwe tarbia. Wa tatu ufuate vina vile vile, na wa nne uwe kituo chenye neno wanalotaka msikilizaji aondoke nalo. Ukiona mtu ameingiza neno lisilo na maana ili tu mizani itimie, mwambie alitoe. Shairi lenye mizani kumi na tano na ukweli ndani yake linarekebishika. Na anayetaka kuandika shairi huru aachwe aandike, ila aweze kueleza kwa nini mstari umekatika pale ulipokatika.

Kuna jambo nawaambia kila mwaka, na kwa watoto wa Tanga lina uzito. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga mjini, mwaka 1909, na miaka mingi alikuwa karani wa forodha, Pangani. Kutwa kazini, na kuandika akaandika. Vijana wengi wanadhani mwandishi ni mzee msomi wa chuo kikuu, au ni picha iliyo nyuma ya kitabu cha kiada. Wakijua kwamba ni mtu wa ofisini aliyepita njia hizi hizi, wanakaa vizuri kwenye viti.

Sasa kusahihisha, kwa maana hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Mtu akisoma kazi yake kwa sauti, wa kwanza kusema wawe wenzake, na waseme mambo mawili tu: sehemu niliyoiona, na sehemu nilipotaka kujua zaidi. "Ni nzuri" haikubaliki, kwa sababu haimsaidii. "Ni mbaya" haikubaliki kwa sababu hiyo hiyo. Wewe mwalimu sema mwishoni, na useme jambo moja. Akikuachia daftari ulisome, tumia penseli, duara dogo pale unapotaka zaidi, basi. Makosa ya "r" na "l", ya "dh" na "z", ya maneno yaliyoshikana, yasubiri mpaka kazi iwe karibu kubandikwa. Hapo kaa naye mrekebishe pamoja mstari kwa mstari, na utashangaa anavyojali tahajia pindi anapojua shule nzima itaisoma.

Maana lazima ibandikwe. Gazeti la ukutani halina gharama: manila moja, gundi, na ukuta usiofikiwa na mvua. Magazeti ya Kiswahili yamechapa mashairi ya wasomaji wao tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na mtu aliyeona jina lake limechapwa alituma tena. Ukutani ni vivyo hivyo. Badilisheni kila mwezi, mwenye kazi akubali mwenyewe ibandikwe, na asiyetaka jina lake aandike la kubuni. Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, ni nafasi nzuri ya kuwapandisha jukwaani kama shule haijafunga.

Mtoto akipewa kalamu bila maksi, siku moja ataandika jambo zito. Litakuwa kipigo, njaa, au mjomba anayeingia chumbani. Usiulize mbele ya wenzake kama ni kweli, wala usilisome kama hadithi tu. Mwite pembeni, msikilize, usimwahidi kuficha, kisha mwone mwalimu wa malezi au ustawi wa jamii. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto inapigwa bure, iandike ubaoni tangu siku ya kwanza ili isionekane imeletwa kwa ajili ya mtu fulani. Nalisisitiza hili kuliko lolote lililo juu. Kama hauko tayari kulibeba, tafuta mwenzako wa kuendesha naye kikundi kabla ya kuanza.

Wazazi watakuja pia. Watasema mtoto anaandika mambo ya mapenzi badala ya kusoma. Waalike waje wasikie. Baba aliyemsikia binti yake akisoma habari za shamba lao la michungwa, pamoja na bei ya dalali na jinsi gunia linavyojazwa lumbesa, kupita kipimo, hana tena hoja ya mapenzi.

Wakikuuliza habari za tuzo, waambie zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Ipo pia ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea miswada kwa Kiswahili kutoka Afrika nzima. Lakini hizi ni za kazi ndefu zilizokamilika. Kijana wa miaka kumi na tano ukimsukuma huko mapema atarudi kule kule kwenye kuandikia namba. Kwanza awe na daftari lililojaa.

Likizo zikikaribia, kikundi kinaweza kulala na kusahaulika. Wape kazi moja ya kuondoka nayo: kaa na mzee wa nyumbani kwenu au jirani, mwamkie, mwombe akusimulie jambo alilolifanya akiwa na umri wako, na uliandike kama alivyolisema. Asiingize fundisho. Jumatano ya kwanza shule ikifunguliwa, anzeni na hizo.