Somo: Hurricane Mk I skeli 1/72, rangi gani, dekali zipi, vipande vipi vya ziada ununue na vipi uache dukani

Wadau habari zenu. Tangu niwaonyeshe ile Hurricane yangu, modeli ya plastiki ya ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita ya Pili ya Dunia, skeli 1/72 yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, maswali ni yaleyale kila siku, rangi umetoa wapi, dekali (zile alama za kulowesha na kubandika) umezibandikaje mpaka zimekaa kama zimepigwa rangi, ule mkanda wa kiti umenunua au umetengeneza, basi leo nimeamua kuandika yote sehemu moja nikapumzike. Tuelewane lugha kwanza, mimi hapa nitasema boksi, yaani lile boksi la vipande vya kuunganisha modeli, Waingereza wanaita kit, maana nikisema kiti kuna mtu ataniuliza ni cha plastiki au cha mbao.

HATUA YA 1: chagua ndege moja, sio "Hurricane"

Hapa ndo wengi tunaanguka. Mtu ananunua rangi kwanza kwa sababu kopo limemvutia, halafu anatafuta dekali, halafu ndo anaanza kuangalia picha. Kinyume kabisa. Hurricane ya Mei 1940 na ya Desemba 1940 ni plastiki ileile ila rangi za chini tofauti, mkia tofauti, pua tofauti. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ndege ya miezi mitatu tofauti kwenye mwili mmoja, nikaipeleka kwa mzee mmoja anayezijua akaiangalia kimya, akanirudishia, akaniuliza chai naweka sukari ngapi. Nikaelewa.

Kwa hiyo tafuta picha ya ndege moja, namba yake, kikosi chake, mwezi wake. Ukipata hiyo, rangi na dekali zinajichagua zenyewe. Na kwetu huku Hurricane sio ndege ya mbali jamani, 1940 na 1941 kikosi namba 3 cha jeshi la anga la Afrika Kusini kilizirusha kutokea Kenya kwenda kupigana na Waitalia Somalia na Ethiopia. Machi 1941 pale Diredawa rubani John Frost alitunguliwa akatua karibu na uwanja wa adui, mwenzake Kershaw akashuka na Hurricane yake, ndege ya kiti kimoja hii, wakabanana wawili mle ndani wakaruka kurudi. Shikilieni hiyo stori, nitairudia kwenye vipande vya ziada.

HATUA YA 2: rangi

Nawapa Hurricane za Uingereza kwa ufupi, na namba za Humbrol kwa sababu ndizo makopo yake watu wengi wanayo.

Juu ni Dark Earth (29) na Dark Green (30). Chini mpaka mwanzoni mwa Juni 1940 ni nusu nyeusi nusu nyeupe, bawa la kushoto la rubani ndo jeusi, watu wanageuza kila siku kwa sababu wanapaka ndege ikiwa imelala chali. Kuanzia Juni 1940 chini inakuwa Sky (90). Mwisho wa Novemba 1940 inaongezeka pua ya pangaboi ya Sky na mkanda wa Sky kuzunguka mwili karibu na mkia, na chini ya bawa la kushoto panarudi peusi mpaka Aprili 1941. Ukienda jangwani Afrika Kaskazini 1941, ile kijani inaondoka inaingia Mid Stone (225), chini ni Azure Blue (157), na chini ya pua kuna lile chujio la vumbi la Vokes kama kidevu kilichovimba. Ukipaka rangi za jangwani hakikisha boksi lako lina hicho kidevu, sio kila boksi linacho.

Sky inasumbua watu. Jina linasema anga, mtu anaweka buluu. Sio buluu. Chukua parachichi, angalia nyama yake karibu na kokwa, halafu ififishe kwa maziwa, hiyo ndo Sky.

Chumba cha rubani ni kijivu-kijani (78), yale mabomba ya fremu yapige aluminiamu. Na kwa 1/72 mimi rangi zote za juu natia matone mawili matatu ya nyeupe, kitu kidogo kikipakwa rangi halisi kinaonekana cheusi kuliko ndege yenyewe.

Rangi za mafuta au za maji? Rangi za mafuta na tina zake zinashika moto, ukiagiza nje kwa ndege mara nyingi muuzaji anakataa kutuma au mzigo unafika umetolewa rangi ndani, mimi yalinikuta, boksi limefika na karatasi ya samahani. Kama unaagiza chukua za maji, Vallejo au Tamiya za akriliki, kama unapata mtu anakuja na meli au duka lipo mjini chukua za mafuta, kwa brashi zinalala vizuri zaidi. Changanya iwe kama maziwa fresh, sio mtindi, mikono miwili mitatu myembamba.

Andakoti usiruke. Ila sikilizeni, ile praima ya magari ya kopo la kupuliza sio zote zinafaa. Nilinunua moja nikapuliza karibu nikijiona fundi, kabla sijamaliza kuosha mikono bawa la kushoto lilishakunjamana kama utandu wa maziwa ya moto. Tina yake kali, inakula plastiki. Siku hizi najaribu kwanza kwenye fremu, ile inayoshika vipande na utaitupa tu, nasubiri mpaka kesho yake.

HATUA YA 3: vipande vya ziada

Nimeiweka kabla ya dekali kwa sababu vingi unafunga kabla ya kupaka. Hapa ndo pesa inapotea.

Nunua: stika za kuzibia kioo cha rubani wakati wa kupaka. Kioo cha Hurricane kina vifremu vingi mno, ukijaribu kuvipaka kwa mkono utalia. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, basi ni hicho.

Mikanda ya kiti: ya shaba ya kampuni ya Eduard ni mizuri, ila masking tepu ya hadwea inatosha. Kata vipande vya upana wa nusu milimita, vinne, viwili vinatoka mabegani viwili kiunoni, paka rangi ya turubai lililochujuka, buckle weka tone la fedha. Ndo stori ya Frost na Kershaw inapoingia: wawili walibanana mle ndani, kwa hiyo pata picha nafasi ilivyo ndogo, sasa igawanye kwa 72. Mabawa ya Hurricane ni mita 12.19, kwenye skeli yako ni kama sentimita 17, ule mlango wa juu haufiki ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ukifunga kioo huoni kitu zaidi ya mkanda na kichwa cha kiti. Ile dashibodi ya shaba yenye saa thelathini utajua wewe na Mungu tu. Ukiacha kioo wazi, au kama unajenga skeli kubwa zaidi ya 1/48, hapo sawa.

Acha: mitutu ya bunduki ya shaba. Mk I ina Browning nane ndani ya bawa, nje unaona matundu tu. Tena mara nyingi hata matundu huoni, mafundi walibandika kitambaa chekundu juu yake ili uchafu na baridi visiingie, kikitobolewa na risasi za kwanza unabaki na masizi. Hilo ndo pambo zuri kuliko mitutu: nne na nne nyekundu maana yake hajapiga, zilizochanika na masizi nyuma yake chini ya bawa maana yake katoka kazini. Chagua moja.

Waya wa antena nyosha kutoka kwenye fremu ya plastiki, ipashe juu ya mshumaa mpaka ilegee, itoe pembeni, vuta. Ila angalia picha, zilizofungwa redio mpya za VHF hazikuwa na ule waya wa kwenda mkiani.

HATUA YA 4: dekali

Dekali hazitaki uso mkavu usiong'aa. Hewa inabaki chini yake, ikikauka unaona weupe kama magamba ya samaki kuzunguka herufi. Kwa hiyo piga klia (vanishi isiyo na rangi) inayong'aa kwanza, iache usiku mzima. Kata, zamisha maji ya uvuguvugu sekunde ishirini hivi, itoe iweke kwenye kitambaa isubiri ijiachie yenyewe, usiisukume kwa nguvu. Halafu kuna dawa mbili za dekali: Micro Set ya kuishikisha inaenda chini, dekali juu yake, isogeze kwa brashi yenye maji, kausha kwa pamba, halafu Micro Sol ya kuilainisha juu. Hapo itajikunja kama imeharibika kabisa, USIIGUSE. Nenda kale. Ukirudi imelala kwenye mistari yote.

Duara za juu ya mabawa ni nyekundu na buluu tu, hazina nyeupe. Za ubavuni kuanzia Mei 1940 zina mzunguko wa njano nje na mkia una mistari mitatu. Herufi za kikosi kwa kipindi hiki ni kijivu, sio Sky, Sky zimekuja Agosti 1941.

Na kitu ambacho wengi hawajui: mabaka ya kahawia na kijani yalikuwa na ramani mbili, moja ni kioo cha nyingine, na kawaida ndege za namba shufwa na witiri zilipishana. Ukibadilisha dekali ukaweka namba nyingine bila kuangalia, unaweza kuwa umepaka ubavu wa kinyume.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mombasa: Mkuu mimi klia yangu inatoka nyeupe kama ukungu, nimebadilisha kopo mara mbili.
Jibu: Sio kopo, ni unyevu. Klia ya tina ikipulizwa hewa ina maji inanasa yale maji. Usipulize mvua ikinyesha wala jioni upepo wa bahari ukiingia, subiri saa tano sita jua limekolea. Iliyoharibika usikwangue, pitisha tena mkono mwembamba siku kavu, mara nyingi ukungu unaondoka.

Dada wa Muscat: Kaka huku kwetu joto, rangi ya maji inakauka kwenye ncha ya eabrashi (kile kibomba cha kupulizia rangi) kabla haijafika kwenye ndege.
Jibu: Dada tia matone ya dawa ya kuchelewesha kukauka, kila kampuni ya akriliki inauza ya kwake, punguza presha kidogo, na uwe na kijiti cha pamba chenye tina ya kufutia ncha kila baada ya dakika chache. Puliza chumbani kwenye AC, sio roshani.

Kijana wa Morogoro: Shikamoo mkuu. Mi mwanafunzi, naweza kutumia ile dawa ya kutolea rangi ya kucha badala ya tina? Na siki badala ya Micro Sol?
Jibu: Marahaba. Ya kucha HAPANA, ina asetoni, inayeyusha plastiki, utabaki na uji. Siki nyeupe ndiyo, ichanganye na maji nusu kwa nusu, haina nguvu kama Micro Sol ila kwa dekali nyembamba inasaidia. Na kama ndo unaanza tafuta lile boksi la kampuni ya Airfix la kuanzia, lina rangi, gundi na brashi humohumo.

Mdau wa Nairobi: Nilipewa boksi la zamani, dekali zimekuwa manjano. Nitupe?
Jibu: Bado chief. Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaobana, zibandike kwenye dirisha linalopigwa jua, wiki mbili tatu zinarudi nyeupe. Halafu kabla ya kuloweka zipulizie klia, za zamani zikigusa maji zinavunjika vipandevipande. Jaribu kwanza na ile usiyoihitaji.

Mdau wa Dar: Nimeona jamaa wanakwangua rangi wanaacha fedha kila mahali iwe imechakaa, nami nimefanya hivyo mpaka mkiani.
Jibu: Mkuu, mkiani umeumia. Hurricane kuanzia nyuma ya rubani ni kitambaa juu ya mbao, hakuna bati la kung'aa pale. Mikwaruzo ya fedha weka kwenye mabawa ya bati pale rubani na mafundi wanapokanyaga kupanda, na kwenye vifuniko vya injini. Nyuma paka tena, safisha na msasa laini wa maji kwanza, halafu ukishakauka ongeza masizi ya ekzosi tu yanayoburuzika kwenda nyuma.

Mdau wa Dar tena: Nimeshapiga klia ya mwisho lakini.
Jibu: Basi igeuze ubavu ule kwenye kabati.