Chusa (mkuki wa kuvulia) ikimwingia mtu kifuani: ya kuzingatia kabla, kwa sisi wa visiwani

Nyie wa Faza, Kizingitini na sie hapa Amu (Lamu) tuongee mapema, manake siku ikitokea hakuna mwenye akili ya kufikiria. Mtu akichomwa kisu kifuani au chusa ikamwingia, kila mtu anataka kuchomoa. Msichomoe! Kile chuma saa hiyo ndo kizibo, pengine kimekaa juu ya mshipa, ukikitoa damu inamwagikia ndani na nje huoni kitu. Kizungushieni vitambaa kisicheze, na hata mkikiona kinadunda na moyo wake kiacheni vivyo hivyo. Kama ni tundu tupu linalovuta hewa, fyuu fyuu kila akipumua, msilizibe na leso wala nailoni, hewa ikikosa pa kutokea inabana pafu mpaka moyo unashindwa. Mkalisheni kitako kama anaweza, na maji ya kunywa hapana, hata akiyalilia.

Sasa boti, na hapa ndo tunapoteza watu. Jueni leo nani ana mafuta usiku, na maji yakipwa mtampakilia wapi, si mnafika ufukweni mnakuta boti imekaa kwenye matope. Mjini jaribuni machela kwenye vichochoro vyetu kabla, kuna kona haipiti (na punda jamani, hapana). Mmoja apige simu hospitali kabla hamjang'oa nanga, aulize kama daktari wa upasuaji yupo na damu ipo, manake kuna dawa ya kupunguza kuvuja damu inayotakiwa ndani ya saa 3 tangu aumie. Makundi yenu ya damu myajue sasa hivi, hasa wa O negativu.

Halafu msiogope neno theata (chumba cha upasuaji). Wengi wanapona kwa mrija tu, unaingizwa ubavuni usawa wa kwapa, damu na hewa zinatokea kwenye chupa yenye maji. Mrija ukitoa damu kama lita 1 na nusu kwa mpigo, au mililita 200 kila saa kwa saa 2 mpaka 4, hapo ndo kifua kinafunguliwa. Akihamishwa na mrija wake, kwa boti mpaka Mokowe au kwa gari kuelekea Malindi, ile chupa ikae chini ya kifua chake safari nzima, mtu asiipakate wala asiubane mrija.