SOMO: Namna chanjo hai ya homa ya mapafu ya ng'ombe inatengenezwa, na kwa nini inafia njiani

Jambo wapendwa wafugaji. Juzi kule juu ya Sake nilifungua glasiere (sanduku la barafu) ya mfugaji mmoja, barafu ilikuwa imeisha kuyeyuka, chupa za chanjo zinaelea kwenye maji ya vuguvugu, na yeye ananingoja nichome ng'ombe 30. Nilikataa. Alikasirika na ninamuelewa, pesa yake ilikuwa imeenda, ila heri niwaelezee kilicho ndani ya ile chupa. Ni mikrobe wazima. Wakifa, unachoma maji tu.

HATUA 1, kupata mikrobe inayofaa. Ugonjwa huu, peripnemoni, unaletwa na bakteria Mycoplasma mycoides. Mwaka 1852 daktari Mbelgiji Louis Willems alichukua maji ya mapafu ya ng'ombe mgonjwa akayachoma kwenye ncha ya mkia wa mzima. Kinga ilikuja kweli, ila kuna waliooza mkia ukakatika. Siku hizi tunaanza na aina ambayo yenyewe si kali: ile inayoitwa T1 ilitoka kwa ng'ombe wa Tanganyika (leo Tanzania) mwaka 1951.

HATUA 2, kuilegeza. Hapa njo kazi yenyewe. Wanaiotesha ndani ya yai la kuku lenye kifaranga, wanaitoa, wanaiingiza yai lingine, tena na tena, mara 44, njo maana chanjo inaitwa T1/44. Kila yai mikrobe inazoea maisha mapya na kupoteza ukali wake kwa ng'ombe. Ukipitisha mara chache inauma, ukizidisha mwili wa ng'ombe haushtuki tena na kinga haiji, kwa hiyo lazima upime kila mara. Wengine walipitia streptomisini, dawa ya kuua bakteria: T1 iliyobaki hai kwenye ile dawa ikawa T1sr, mpole zaidi lakini kinga yake inaisha mapema. Hata kwa ugonjwa mwingine, kimeta, ile tunaita sharbo, Max Sterne kule Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata mwaka 1937 bakteria aliyepoteza koti lake la nje, na chanjo yake inatumika mpaka leo.

HATUA 3, kujaribu. Ng'ombe waliochanjwa na wasiochanjwa wanafungwa zizi moja na wagonjwa, juu ugonjwa huu unapita kwa pumzi. Baada ya miezi wanachinjwa, mapafu yanapasuliwa: unatafuta alama ya ugonjwa, kile kipande cha nyama iliyokufa kilichozungukwa na ganda. Inahuzunisha, lakini bila hivyo hujui kama chanjo inafanya kazi.

HATUA 4, kukausha. Inagandishwa, maji yanavutwa, kinabaki kidonge cheupe chepesi kama povu kavu. Kila dozi iwe na mikrobe hai wasiopungua milioni 10. AU-PANVAC, maabara ya Umoja wa Afrika kule Ethiopia, inakagua chanjo za mifugo za Afrika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mfugaji wa Masisi: Dokta, kijiji chetu hakina kuranti (umeme), nifanyeje?
Jibu: Chukua barafu asubuhi siku ileile ya kuchoma, glasiere ikae kivulini, digrii 2 mpaka 8. Fungua chupa moja, maliza, ndipo ufungue nyingine. Usichanganye na maji ya bomba, klorini inaua, tumia ile maji yake iliyokuja nayo.

Mama wa Mugunga: Nilichoma oksitetrasaiklini na chanjo siku moja, kuna shida?
Jibu: Ndiyo mama, pole. Ile dawa inaua mikrobe wa chanjo kabla mwili haujawajua. Dawa ikiisha mwilini, rudia.

Kijana wa Rutshuru: Basi penisilini?
Jibu: Penisilini inapiga ukuta wa bakteria, na huyu hana ukuta, kwa hiyo haimfanyi kitu, hata ng'ombe akiwa mgonjwa kabisa unapoteza dawa. Ila kwa chanjo ya kimeta usiitumie kabisa, ile inakufa.

Mfugaji wa Masisi: Na ng'ombe akivimba pale tulipochoma?
Jibu: T1/44 inaweza kufanya hivyo. Uvimbe ukikua haraka na ng'ombe akiwa na homa, usipasue, ita veterineri siku ileile.