Jinsi ya Kukusanya Vichwa vya Treni vya Dizeli vya Mfano Ukiwa Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mwanza, Musoma, Bukoba au hata Kisumu anayependa vichwa vya dizeli vya zamani na anataka kuwa navyo nyumbani kwa umbo dogo, vya kupanga kabatini na kuendesha juu ya meza. Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: kusanya kwa ukoo wa injini. Ukinunua kwa kuvutiwa na rangi, baada ya muda kabati litajaa vitu visivyohusiana. Ukinunua kwa ukoo, kila kichwa kinachoingia kinakueleza jambo kuhusu kile kilichotangulia.

Hatua ya 1: Chagua ukoo

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, kwa geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja. Usitegemee kukuta dukani modeli iliyoandikwa TRC (Shirika la Reli Tanzania) ubavuni, ila ndugu za vichwa vyetu wapo tele. Daraja la 73 la shirika hilo, yaani kundi la vichwa vya aina moja, lilijengwa Varanasi, India, katika kiwanda cha DLW, kwa muundo wa YDM-4. Muundo huo ulitoka kampuni ya Alco ya Marekani, na moyo wake ni injini ya Alco 251 ya silinda sita. Alco yenyewe iliacha kujenga vichwa mwaka 1969, lakini 251 iliendelea kuundwa Kanada na India.

Kwa hiyo anayetaka ukoo wa 73 atafute Alco RS-11, yenye 251 ya silinda 12 na nguvu farasi 1,800, au Century 424, yenye silinda 16 na nguvu farasi 2,400. Kampuni ya modeli ya Atlas imetoa zote mbili kwa skeli (kipimo cha udogo) ya HO, nitakayoieleza katika Hatua ya 2. Angalia usichanganyikiwe na RS-3. Kwa sura utasema ni mtoto wa nyumba hiyohiyo, lakini ndani yake kuna injini ya 244, kizazi cha kabla ya 251, ambayo iliiharibia Alco sifa kwa kuharibika mara kwa mara. RS-3 ina nafasi yake kwenye mkusanyiko, ila isiwe ya kwanza.

Ng'ambo ya ziwa kuna ukoo wa pili. East African Railways ilileta daraja la 90, ambalo baadaye liliitwa 87, kutoka English Electric ya Uingereza kuanzia mwaka 1960, kwa injini ya 12CSVT yenye nguvu farasi 1,840. Class 37 ya Uingereza, ambayo vilijengwa vichwa 309 kati ya 1960 na 1965, ina injini ya jamii hiyohiyo. Kampuni za modeli za Hornby, Lima na Bachmann zote zimewahi kuitengeneza, hivyo haiadimiki. Mimi naziweka koo hizi mbili katika kabati moja, kwa sababu ziwa liliziunganisha kweli: meli ya MV Umoja ilikuwa ikipakia mabehewa Mwanza Kusini na kuyavusha hadi Kisumu na Port Bell.

Hatua ya 2: Amua skeli

HO ni 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko kichwa halisi. OO ya Waingereza ni 1:76, lakini zote mbili hupita kwenye reli ya upana wa milimita 16.5, kwa hiyo seti moja ya reli inakutosha. RS-11 ya HO ina urefu wa karibu sentimita 20, na Class 37 ya OO karibu sentimita 25. Pima kabati kwa hesabu hiyo, na uziweke rafu tofauti ili tofauti ya skeli isikusumbue macho. Wenye nafasi ndogo huchukua N, 1:160. Anayeota kujenga stesheni ya Mwanza kwa geji yake halisi agawe 1,000 kwa 87: anapata 11.5, ndiyo maana reli ya HOm ina milimita 12. Ni njia nzuri, lakini vifaa vyake ni ghali. Kampuni ya Märklin, kwa HO, iache kwa sasa. Inatumia mfumo wake wa AC (umeme wa mkondo geu) na haitakubali reli za wenzake.

Hatua ya 3: Mhoji muuzaji kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa huokoka au hupotea, kwa hiyo usione haya kuuliza. Vichwa vingi vizuri ni vya mitumba na viko nje ya nchi.

Omba picha ya chini, si ya ubavuni tu. Tazama fremu ya chuma. Modeli za zamani zina fremu ya aloi ya zinki, na kama zinki ilichanganyika na risasi kiwandani, fremu huvimba, hupinda na kupasuka, kisha hubomoka vipande vipande. Unyevu huharakisha jambo hilo, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Fremu ya namna hiyo haitibiki. Ukiona ufa mwembamba au bodi (ganda la nje) iliyoinuka katikati, acha, hata kama bei inakuita.

Pili, omba video fupi ya kichwa kikienda polepole. Ukisikia "tik, tik, tik" inayofuata mzunguko wa gurudumu, gia ya plastiki kwenye ekseli imepasuka. Modeli za Proto 2000 za kampuni ya Life-Like zinajulikana sana kwa hili. Gia mpya zinauzwa na kazi ya kuzibadilisha ni nyepesi, kwa hiyo usikimbie, omba upunguziwe bei. Mwisho uliza kama boksi lake lipo, kwani kichwa chenye boksi kinauzika vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Kukileta

Treni za mfano huingia forodhani chini ya fungu 9503. Mwambie muuzaji aandike hivyo pamoja na bei halisi, kisha wewe tenga fedha ya ushuru na VAT mapema. Kama una ndugu anayerudi likizo, kichwa kisafiri ndani ya begi la mkononi, na bado uulize kama kinatakiwa kulipiwa.

Hatua ya 5: Umeme

Vidhibiti (vifaa vya kulisha reli umeme na kuongoza mwendo) vingi vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120, na vya Japani ni 100. Ukichomeka kwenye 230 yetu, vinaungua papo hapo. Nunua cha Uingereza au Ulaya, au utumie transfoma ya kushusha umeme. Mota yenyewe inahitaji DC (umeme wa mkondo mmoja) ya volti 12 tu.

Hatua ya 6: Jaribu na usafishe

Kichwa kikifika, usikipeleke relini moja kwa moja. Chukua betri ya volti 9 na nyaya mbili, gusa magurudumu ya kulia kwa waya mmoja na ya kushoto kwa mwingine. Kikijibu, geuza nyaya: lazima kirudi nyuma. (Chenye dikoda ya DCC, yaani kipande cha kielektroniki cha kuongozwa kidijitali, kijaribu kwa kidhibiti chake.)

Kisha magurudumu. Lowesha kitambaa kwa isopropili, kilaze juu ya reli, washa umeme, bogi (fremu ndogo yenye magurudumu) moja ikae relini na nyingine izungukie kwenye kitambaa huku umeshika kichwa. Geuza, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Isopropili isiguse bodi, hung'oa rangi. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kuwa salama kwa plastiki, tone moja kwa ncha ya sindano. Grisi ya gari haifai kabisa.

Hatua ya 7: Linda na unyevu

Mafundi wa vioo na aluminiamu watakutengenezea kabati lenye mlango. Mwambie fundi azibe pembe kwa silikoni, maana wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa na kupenya kila upenyo. Weka vipakiti vya silika (vya kunyonya unyevu) kila rafu na uvibadilishe masika yakianza. Kabati lisipigwe na jua la alasiri. Maboksi ya zamani yana sponji ambayo kwa unyevu huyeyuka na kunata kwenye rangi. Itoe, uweke karatasi laini nyeupe, si gazeti.

Hatua ya 8: Daftari

Kila kichwa kiwe na ukurasa: mtengenezaji, namba ya bidhaa, skeli, bei, matengenezo, na injini ya kichwa halisi. Acha nusu ukurasa kwa maneno ya wazee wa reli. Wastaafu wengi bado wapo mjini. Mwonyeshe mzee Alco yako, umwamkie vizuri, umuulize moshi ulikuwaje dereva alipofungua mafuta. Atakwambia ulikuwa mweusi, kwa sababu tabo ya 251, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ilichelewa kushika kasi na dizeli ikatangulia hewa. Andika majibu yake kama alivyoyasema, kwa penseli, kwa kuwa wino huchuja kwenye unyevu.