Monita nne, kadi mbili: kuipandisha daraja kompyuta ya magemu bila kuiunguza

Kabla hujatoa hela ya kadi ya pili ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, geuza kompyuta uangalie mgongoni. Kadi nyingi za GeForce RTX, za kampuni ya NVIDIA, zina matundu manne ya waya za monita, matatu ya DisplayPort na moja la HDMI, na kadi moja inahudumia monita nne kwa wakati mmoja. Vijana wengi wanaonijia wakitaka kadi mbili ili watumie monita tatu wanacho tayari wanachokitafuta. Kinachopungua ni waya wa DisplayPort.

Mimi ni fundi wa kompyuta Dar es Salaam, na usiku naendesha malori kwenye gemu la Euro Truck Simulator 2. Mashine yangu ina prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu) ya B550 na kadi ya RTX 3060 ya GB 12. Monita tatu za inchi 24 zinanionyesha barabara, ya nne ndogo ina ramani na ujumbe, na zote nne zinaning'inia kwenye hiyo kadi moja. Kadi ya pili, GTX 1650, niliiongeza baadaye kwa sababu nyingine kabisa, nitaieleza.

Kwanza tuliweke sawa suala la kadi mbili kusukuma gemu moja. Teknolojia hiyo, NVIDIA wakiiita SLI na AMD wakiiita CrossFire, ilikuwepo na ilifanya kazi. NVIDIA walianza nayo mwaka 2004. Lakini ilitegemea kila gemu liandaliwe mipangilio yake, na tangu tarehe 1 Januari 2021 NVIDIA waliacha kutoa mipangilio mipya. Kwenye familia ya RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti tu zilizobaki na tundu la kuunganishia. RTX 4090, pamoja na ukubwa wake wote, haina. Tena hata enzi zake, memori haikujumlishwa: kadi mbili za GB 4 zilibaki kuwa GB 4 machoni pa gemu. Kwa hiyo mtu akikuuzia GTX 970 mbili na kidaraja cha kuziunganishia kwa bei ya kutupa, mwache. Chukua hela hiyo, ongeza, nunua kadi moja yenye nguvu.

Kadi ya pili ina kazi gani basi? Kwangu ina mbili. Ya kwanza ni skrini ya tano, televisheni ya ukutani ambayo watoto wanaangalia katuni zao huku nami nikiendelea na safari. Ya pili ni Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D: injini yake ya Cycles inazitumia kadi zote mbili kurenda, yaani kukokotoa picha ya mwisho, bila SLI wala kidaraja. Ila kila kadi inabeba nakala yake ya kazi nzima, hivyo kazi ikiwa nzito naiondoa GTX 1650, yenye GB 4, kwenye orodha ya Blender na kuiachia 3060 peke yake. Kuna na matumizi ya tatu yaliyopata umaarufu siku hizi, programu ya Lossless Scaling: kadi kubwa inachora gemu, ndogo inabuni fremu (picha mojamoja zinazofuatana) za katikati. Ukienda njia hiyo, monita ya gemu ichomekwe kwenye kadi ndogo, maana ndiyo inayotoa picha ya mwisho.

Ukitaka kadi ya pili, kuna jambo linalowapata wengi: draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Windows inaendesha draiva moja tu ya NVIDIA kwa kadi zako zote, hivyo kadi zote mbili lazima ziwe kwenye draiva hiyo hiyo. Oktoba 2025 NVIDIA walisimamisha draiva za magemu kwa kadi za kizazi cha GTX 900 na GTX 1000. Hapo ndipo zilipoangukia 1050 Ti na GT 1030, zile zinazouzwa kwa wingi kama kadi za kuongezea. GTX 1650 ni ya kizazi kilichofuata, bado imo. Ndiyo maana nikaichagua, pamoja na kwamba toleo nililonunua linakula wati 75 tu na halihitaji waya wa ziada. Zote hizo linazipata kwenye sloti, tundu la mazabodi inapopachikwa kadi.

Na kama prosesa yako ina grafiki ya ndani, huenda huhitaji kadi ya pili kabisa. Ingia kwenye bayosi (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa kabla ya Windows) uiwashe grafiki hiyo ifanye kazi pamoja na kadi, halafu chomeka televisheni kwenye tundu la mazabodi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina, na Ryzen 5 5600 yangu nayo haina.

Umeme ndio wenye neno la mwisho

Hapa usiwe na haraka. Kompyuta ninazozipokea zimekufa baada ya kuongezwa kadi, nyingi zimeuawa na pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme.

Ukiwa dukani, Kariakoo au Posta, usisome namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Omba pawa saplai yenyewe, ilaze ubavu, soma jedwali lililobandikwa. Tafuta safu ya +12V, maana kadi na prosesa vinakula hapo. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Nimeshika mkononi pawa saplai iliyoandikwa 600W huku safu ya 12V ikiwa na ampea 25: hizo ni wati 300, basi. Iliyobaki ni namba ya kupamba boksi. Angalia pia kama kwa nyuma ina swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Sisi tuko kwenye 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115 ukawasha, umeinunua na kuizika siku hiyo hiyo.

Hesabu yangu ni hii. RTX 3060 wati 170, GTX 1650 wati 75, prosesa ikikazwa kama wati 76, na mazabodi, RAM, diski na feni nazipa 50. Jumla 371. NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa 3060 pekee, kwa kuwa kadi inaruka juu ya kiwango chake kwa vipande vidogo vya sekunde. Mimi nimeweka ya wati 650 yenye nembo ya 80 Plus, ya ufanisi wa umeme, na sijutii shilingi hata moja.

Waya wa kadi utoke kwenye pawa saplai yenyewe. Plagi ya pini 8 inabeba wati 150, ya pini 6 wati 75. Vile vikamba vinavyogeuza plagi ya SATA kuwa ya kadi vikatae hata ukipewa bure: plagi ya SATA imetengenezwa kwa ampea 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54, na ukiilazimisha plastiki inayeyuka. Na kama pawa saplai yako ni ya waya za kuchomoa, usiazime waya wa pawa saplai nyingine kwa sababu tu umeingia. Mpangilio wa pini upande ule unatofautiana, na waya usio wake unaweza kuunguza kila kitu kwa mara moja.

Kwa umeme wetu UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, haikwepeki, na hapo napo kuna mtego wa namba. VA si wati. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 hadi 390. Kompyuta yangu ikikazana, pamoja na monita, inagusa 450. UPS hiyo ingezima palepale umeme ukikatika. Tafuta ya 1200VA kwenda juu, na usome wati zilizoandikwa ubavuni.

Kuzipachika

Kadi kubwa inakaa sloti ya juu kabisa, iliyo karibu na prosesa. Sloti ndefu ya pili kwenye mazabodi nyingi za B550 inafanana nayo kwa umbo, lakini ndani ina njia 4 tu za data za PCIe 3.0, tena zinapitia chipu ya mazabodi. Kwa kadi ya kuonyesha televisheni zinatosha sana: njia 4 zinapitisha karibu GB 4 kwa sekunde, na picha ya 1080p ya fremu 60 ni kama nusu GB. Soma kitabu cha mazabodi kabla, kwa sababu kwa baadhi ya mazabodi ukijaza sloti hiyo, sloti moja ya diski ya M.2 inazimika.

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha shika chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Kadi ikiingia utasikia kilatchi kinabana. Kaza skrubu zake zote mbili.

Halafu joto. Kadi ya chini inaziba feni za ya juu, na kwa hewa ya Dar, ambayo tayari ina nyuzi 30 na ushee, kadi ya juu inavuta hewa ya moto. Acha angalau nafasi ya sloti moja kati yao. Kama haipo, sahau kadi ya pili. Feni mbili mbele zikivuta ndani na moja nyuma ikitoa nje ndiyo kima cha chini. Nikicheza naifuatilia 3060 isivuke nyuzi 80. Ukomo wake rasmi ni 93.

Monita zenyewe

Monita ya gemu iende kwenye kadi yenye nguvu. Hili halina mjadala, isipokuwa ukitumia Lossless Scaling niliyoitaja. Dirisha likichorwa na kadi moja na kuonyeshwa na nyingine, kila fremu inabidi inakiliwe kuvuka, na utaliona gemu linasita.

Tumia DisplayPort kwa monita zenye kasi. HDMI 1.4 ya monita nyingi za zamani inaishia fremu 30 kwenye 4K. Zile monita za mtumba za maofisini zenye tundu la VGA bado ni nzuri kwa ramani na ujumbe, ila kadi za sasa hazitoi tena mawimbi ya VGA, kwa hiyo nunua adapta yenye chipu ya kubadilishia ndani. Kiplastiki kinachounganisha pini kwa pini hakitaleta picha.

Ukishawasha, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, buruta viboksi vya monita vilingane na zilivyokaa mezani, kisha nenda kwenye mipangilio ya ndani uthibitishe Hz (mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde) ya kila moja. Monita ya 144 huwa inaachwa kwenye 60 na mwenyewe hajui.

Kwa kuunganisha tatu ziwe barabara moja, NVIDIA wana Surround, AMD wana Eyefinity. Zikiwa za aina moja utajiepusha na mengi. Tatu za 1080p zinakuwa 5760 kwa 1080, pikseli milioni 6.2, robo tatu ya 4K. Kwa 3060 hiyo ni kazi, kwa hiyo nimeshusha vivuli na ubora wa vioo vya pembeni. Kila kioo cha lori ni picha nyingine inayochorwa upya.

Pembe ipime kwa rula. Monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53. Ukikaa sentimita 65 kutoka kwake inajaza takriban nyuzi 44 za macho yako, basi zigeuze za pembeni nyuzi hizo hizo zikutazame. Kisha fungua config.cfg kwenye folda ya gemu ndani ya Documents, tafuta r_multimon_mode, andika 3. Magari ya ubavuni yataacha kuvutika kama mpira, kwa sababu kila monita sasa ina kamera yake.

Jaribu vyote pamoja kwa nusu saa: gemu, televisheni, na baadaye Blender kwa kadi zote mbili. Kompyuta ikizima ghafla kama imekatiwa umeme, shuku pawa saplai. Skrini moja ikiwa inapotea na kurudi, badilisha waya kabla ya kugusa draiva. Gemu likianza vizuri kisha fremu zikaporomoka baada ya dakika kumi, ni joto: fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani, na fremu zikirudi ujue unachohitaji ni feni za kasha.