Kupeleka ombi la darasa kwenye bunge la kaunti: niliyojifunza kwa Gredi ya 8

Mara ya kwanza nilikosea mwanzoni kabisa. Gredi yangu ya 8 hapa Manyatta, Kisumu, iliandika ombi safi la kutaka vyoo vipya vya shule. Kabla hatujalipeleka, mzazi mmoja akalisoma akatabasamu: "Mwalimu, shule hii si ya kaunti." Kweli. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule yetu iko chini ya serikali ya kitaifa. Wiki tatu zikaenda na maji.

Kwa hiyo anza na Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, Sehemu ya Pili, inayoorodhesha kazi za kaunti. Toa nakala, kila kikundi kipate yake. Watacheka wakifika kwenye leseni za mbwa, waache wacheke. Kisha watoke hadi nje ya geti na daftari, waandike wanachokiona ambacho kimo katika orodha ile. Wangu walirudi na mtaro ulioziba, taa ya barabarani isiyowaka, na gari la promosheni linalopiga muziki dirishani wakati wa hesabu. Mimi nilitaka mtaro. Wakapiga kura, kelele ikashinda, nami nikanyamaza.

"Yaani Madam, tunamwandikia Spika kuhusu spika?" Darasa zima likaangua kicheko.

Kabla ya kudai sheria mpya, watafute iliyopo. Hapa usiwe na haraka. Wangu waligundua kwamba kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele zipo tangu 2009. Swali likageuka: kama sheria ipo, kaunti ifanye nini kuhusu magari haya karibu na shule? Tulibishana vipindi viwili, na sijawahi kupata vipindi bora kuliko hivyo.

Sasa andikeni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria. Kinasema mtu, hakisemi mpiga kura. Mwandikieni karani wa bunge. Semeni ninyi ni nani, tatizo ni lipi, mmeshamwendea nani, na kama jambo liko mahakamani. Mwisho wekeni ombi lenyewe, na hapo ndipo wengi huanguka. Rasimu ya kwanza ya wangu ilisema, "Tunaomba mtusaidie." Nikawauliza: mwakilishi wadi akishaisoma hii, ataamka kesho afanye nini? Rasimu ya nne ilisema muziki wa matangazo usipigwe ndani ya mita 100 za shule, saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, siku za masomo. Tuliandika kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo watoto hubishana kwayo kwa ufasaha.

Wanafunzi hawana vitambulisho. Sisi tuliwaomba wazazi wawili watie sahihi na nambari zao za vitambulisho, majina ya watoto yakawa kiambatisho kwa idhini ya nyumbani. Usiyaweke mtandaoni.

Ziara ya bungeni ni rahisi kuliko unavyodhani: Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao viwe wazi kwa umma. Barua ya mwalimu mkuu iende kwa karani mapema, na uulize siku hiyo kuna shughuli gani. Mswada ukisomwa mara ya kwanza hutajwa kichwa tu, na watoto waliotarajia mabishano watasinzia. Tafuta siku ya kusomwa mara ya pili, ndipo wajumbe hujadili. Waonye wasipige makofi kwenye roshani ya wageni.

Beba nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Yetu imebandikwa kando ya ratiba, na kila Jumatatu kiranja huandika chini yake idadi ya siku zilizopita.