Gari-nyumba: Kabla ya Kulipa, Ipigie Simu Gereji

Gari-nyumba, au motohomu kama wengi wetu tunaoishi ughaibuni tulivyozoea kuliita, hujiuza lenyewe. Unaingia ndani unakuta mito myeupe, taa za rangi ya asali na bomba la jikoni linalong'aa. Watoto wameshapanda kitanda cha juu wanagombania nani atalala dirishani. Hapo muuzaji hana kazi tena, anasubiri tu utoe kalamu. La kwanza nililinunua hivyo hivyo.

Wiki ya tatu hita ya maji ikagoma. Nikampigia aliyeniuzia, akanielekeza kwenye kiwanda kilichojenga ile nyumba. Kiwanda kikasema hita si yao, niwatafute walioitengeneza. Hao wakauliza maswali mengi, mwisho wakasema hita yenyewe ni nzima, kasoro ni jinsi ilivyofungwa, kwa hiyo nirudi kiwandani. Tulioga maji ya baridi wiki saba, na kinachochekesha ni kwamba katika wote niliozungumza nao hakuna aliyenidanganya.

Gari-nyumba halina mtengenezaji mmoja. Injini, gia na chesisi hutoka kwa kampuni ya magari: huko Ulaya mengi hujengwa juu ya Fiat Ducato, mengine juu ya Mercedes Sprinter au Ford Transit, na Marekani yale makubwa mengi hukaa juu ya chesisi za Ford. Kiwanda cha pili hununua chesisi hiyo na kuijengea kuta, paa na makabati. Ndani yake kuna vifaa vya watu wengine kabisa: hita ya Truma au Alde, friji ya Dometic, choo cha Thetford. Kila mmoja ana dhamana yake, muda wake na namba yake ya simu. Kwa hiyo mtu akikuambia "chapa fulani ni imara", muulize anasifia nini: injini, kuta, au friji? Gari linaweza kuwa na injini itakayodumu kuliko wewe na paa linalovuja kabla ya mwaka kwisha.

Tena usidhani kila gereji yenye nembo ya Fiat au Ford italipokea. Nyingine mlango wao ni mfupi, au mashine yao ya kuinulia haiwezi uzito wa tani tatu na nusu. Uliza kabla.

Mimi sasa naanza na simu. Kabla hata ya kwenda kuliona gari, naipigia gereji ya muuzaji, si dawati la mauzo. Dawati la mauzo hupokea mlio wa pili. Naiambia gereji ninataka miadi ya ukaguzi wa unyevu, yaani kupima kama maji yanaingia kutani, nafasi ya karibu ni lini? Halafu nauliza kitu kidogo cha kuchosha, kama kioo cha taa ya nyuma upande wa kulia cha modeli fulani: wanacho, au kitaagizwa, na kitachukua muda gani? Wakisema wiki mbili, tunaendelea kuzungumza. Wakisema miezi mitatu, katikati ya kiangazi, ujue hiyo ndiyo huduma utakayopewa baada ya kulipa, wakati huna tena cha kuwatishia. Na kama hawapokei simu kabisa, umeokoa nauli.

Umbali nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Viwanda vingi hutoa dhamana ya miaka kadhaa dhidi ya kuvuja, lakini huiwekea sharti: gari likaguliwe unyevu kila mwaka na gereji iliyoidhinishwa, na muhuri ugongwe kwenye kitabu. Ukiruka mwaka mmoja, dhamana inaweza kufa. Sasa kama gereji hiyo iko mwendo wa saa tano na wewe unafanya kazi za shifti, unajua mwenyewe mambo yatakavyokwenda. Kati ya gari zuri lenye fundi wa mbali na gari la kawaida lenye fundi wa dakika arobaini, mimi nachukua la pili bila kufikiria mara mbili.

Malalamiko ya wanunuzi yasome, ila usihesabu hasira. Aliyeridhika yuko barabarani, haandiki. Tafuta kasoro ileile inayojirudia kwa watu wasiojuana, kwenye modeli ileile na miaka ileile, kisha tazama kampuni ilifanya nini baadaye. Kuwa macho zaidi na yaliyotoka viwandani kati ya 2020 na 2022. Wakati wa janga la korona watu waliyakimbilia mno magari haya, viwanda vikazidiwa na vipuri vikaadimika. Mengine yalitoka mazima, lakini mimi ya miaka hiyo nayakagua mara mbili.

Adui mkubwa wa gari-nyumba ni maji, wala si injini. Maji huingia kwenye maungio ya paa, kwenye fremu za madirisha, penye taa za juu na pale turubai la pembeni lilipofungiwa skrubu. Kwa ndani ukuta unaonekana safi huku mbao zake zinaoza. Kipima unyevu ni kifaa kidogo, kinanunulika, na muuzaji mwaminifu hatakasirika ukikitoa mfukoni. Kwa kawaida chini ya asilimia 15 pako salama. Ukivuka 20 taka maelezo, na ukikuta 30 na zaidi huenda mbao zimeshaanza kuoza. Bonyeza kuta kwa kidole gumba, hasa kwenye kona. Tembea sakafuni bila viatu usikie kama inabonyea. Fungua makabati na unuse. Harufu ya marashi mazito ndani ya gari kuukuu, mimi huniondoa mara moja.

La mtumba litazame matairi pia, na usidanganywe na kashata (meno ya tairi) nzima. Magari haya husimama sana, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kulika. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkanda wa injini vilevile huhesabiwa kwa miaka, si kilomita peke yake, na gari lenye kilomita chache na miaka kumi huenda halijawahi kubadilishwa mkanda. Uingereza unaweza kuona bure mtandaoni historia ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari, kwa namba ya gari tu. Marekani, ingiza namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, uone kama kuna wito wa kurudisha gari ambao haujatekelezwa.

Uzito ndio mtego ambao hauonekani kwa macho. Chukua gari la kilo 3,500, kiwango cha juu cha kawaida cha leseni ya daraja B, ile ya gari dogo, Ulaya na Uingereza. Karatasi zinasema likiwa tayari kwa safari lina kilo 3,080, dereva wa kilo 75 na mafuta vikiwa ndani. Umebakiwa na 420. Abiria watatu wanakula 225. Turubai la pembeni 30, baiskeli mbili na rafu yake 45, betri ya pili na sola 40. Zimebaki 80. Sasa jaza tangi la maji la lita 100, ambalo mara nyingi kwenye karatasi limehesabiwa lita 20 tu. Umefika sifuri, na hujaweka hata shuka. Marekani tafuta kibandiko cha OCCC karibu na mlango. Kinataja uzito wa watu na mizigo kwa pamoja. Popote ulipo, lipitishe kwenye mizani kabla ya kununua.

Leseni hapa inatuhusu sisi tuliotoka Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda haibadilishwi moja kwa moja Uingereza. Ukishakuwa mkazi unaitumia miezi 12, kisha ni mtihani. Ujerumani ni miezi 6. Kuvuka kilo 3,500 kwa kawaida kunahitaji daraja C1, ambalo Waingereza wengi waliofaulu kabla ya Januari 1997 walipewa bila kuliomba. Rafiki yako Mwingereza wa miaka sitini akikwambia "hili unaliendesha tu", anazungumzia leseni yake. Ukishapata leseni, uliza pia bima ya kuvutwa barabarani inafika uzito na urefu gani, maana nyingine huishia kilo 3,500.

Sheria iko upande wako kiasi, mradi umenunua kwa mfanyabiashara na si kwa mtu binafsi. Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro na kurudishiwa fedha. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ndani ya miezi sita kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo. Umoja wa Ulaya dhamana ya kisheria ni miaka miwili, ingawa kwa mtumba nchi kama Ujerumani inaruhusu mkubaliane mwaka mmoja. Anayewajibika ni aliyekuuzia. Laiti ningelijua hilo wakati wa hita! Marekani angalia zaidi: katika majimbo mengi sheria za magari mabovu hulinda injini na chesisi, na sehemu ya kuishi huachwa nje.

Malalamiko yapeleke kwa maandishi. Kwenye simu, lafudhi yetu wakati mwingine huchukuliwa kuwa ni kutojua. Barua pepe yenye tarehe, picha na kifungu cha sheria haina lafudhi.

Kama hujawahi kulala kwenye gari-nyumba, kodi kwanza siku nne, tena msimu wa mvua. Ndani ya siku nne utajua kama mgongo wako unakubali kile kitanda.

Siku ya kukabidhiwa, usitosheke na lile somo la dakika ishirini la kuonyeshwa vifaa. Washa kila kitu: friji kwa gesi na kwa umeme, hita mpaka maji yatoke ya moto, pampu, kila swichi. Waambie wakuonyeshe valvu ya kumwaga maji, kwa sababu usiku mmoja wa barafu unatosha kupasua mabomba. Kisha usiondoke mbali. Lala usiku wa kwanza kwenye kambi ya jirani, maili chache tu kutoka kwao. Oga, pika, tumia choo, andika kila kinacholegea au kudondosha maji, na saa tatu asubuhi uwe mlangoni kwao na orodha yako.